Mashoto na Picha ya Juu

Siku ya kwanza mwalimu alitaka kila mtu aseme kwa nini anajifunza kutengeneza tovuti. Wengi wakatoa majibu ya heshima. Mmoja alitaka kazi ya ofisini. Mwingine alikuwa na duka la vifaa vya simu na alitaka wateja wamwone kutoka mbali. Mlinzi wa benki, ambaye darasa zima lilikuja kumwita Afande, alisema anataka kuuza mbuzi wake bila kupitia kwa dalali. Zamu ikamfikia mwanamke aliyekaa karibu na dirisha, kitana kimechomekwa kwenye nywele kama kalamu iliyosahauliwa.

"Kuna mtu nataka kumkomesha," alisema.

Darasa likacheka. Mwalimu, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, alicheka pia, akasema hilo nalo ni lengo kama malengo mengine, alimradi mtu afanye mazoezi nyumbani. Mwanamke hakucheka. Alikuwa ameshika kipanya kwa mkono wa kushoto na anakitazama kama mtu anayejaribu uzito wa jiwe.

Alikuwa msusi, na watu walimwita Mashoto kwa sababu ya mkono ule. Darasa lilikuwa chumba cha juu, chini yake duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Walikuja Jumamosi asubuhi, na jioni za katikati ya wiki baada ya kazi, kila mtu na uchovu wa kazi yake. Kompyuta hazikutosha, wakawa wanakaa wawili wawili. Mashoto alipangiwa na Afande, aliyebonyeza kila herufi kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba ya tajiri.

Aliyemfundisha Mashoto kusuka ni mama yake mdogo. Utotoni alikaa kwenye kigoda katikati ya magoti yake, akasukwa huku anasinzia. Alipokua, wakabadilishana nafasi: mama mdogo alishuka kwenye kigoda, akampa kichwa chake ajifunzie. Mtoto akakosea, akafumua, akarudia, na mama mdogo hakulalamika hata mara moja. Alikuwa na neno moja tu. "Legeza kwenye panja, mwanangu. Hapo ngozi ni changa maisha yote." Na mkono wa kushoto ukazoea njia yake. Misuko ya Mashoto yote ililalia kushoto, kama majani yaliyopitiwa na upepo mmoja, na wateja waliipenda hivyo hivyo.

Alifanya kazi kwenye saluni ya mama mdogo tangu ina kioo kimoja na viti vya plastiki. Kila alipomaliza kichwa alikuwa na desturi yake: kabla mteja hajasimama, anampiga picha kwa nyuma. Picha zile zilibandikwa ukutani, na saluni ikakua kwa picha zile.

Halafu siku moja ya msongamano akaja mwalimu wa chekechea. Mashoto alimsuka kisogo na utosi, akaitwa kwenye kichwa kingine chenye haraka, na Kidosho akamalizia mbele. Kidosho ni binti wa mama mdogo, mzuri kweli, mkono mwepesi, akili kwenye simu. Alivuta mapanja ya yule mwalimu mpaka nyusi zikapanda. Baada ya muda mfupi mwalimu wa chekechea alirudi na kitambaa kichwani. Alipokivua, pembeni mwa paji la uso nywele zilikuwa zimenyofoka, ngozi imebaki tupu na vipele.

Saluni ilikuwa imejaa. Mama mdogo alikitazama kile kichwa, akamtazama binti yake, kisha akawageukia watu. Alisema, kwa sauti ya kufika mlangoni, kwamba mkono wa Mashoto siku hizi umekuwa mzito, wamwie radhi, na kuanzia siku ile hatagusa tena kichwa cha mtu mle ndani. Mwalimu wa chekechea alifungua mdomo, akaufunga. Mashoto alikusanya vitana vyake, kimoja kikamponyoka, hakuinama kukiokota.

Hilo peke yake pengine angelimeza. Lakini saluni ikafunguliwa tovuti, na kwenye tovuti zikawekwa zile picha zake za ukutani, na chini yake maneno: Kazi ya mikono ya Kidosho. Kidosho anasuka kwa mkono wa kulia. Kila msuko kwenye picha zile ulilalia kushoto.

Tangu hapo Mashoto alisuka kwenye kibaraza cha chumba alichopanga. Wateja wachache walimfuata. Wengine waliopita walimsalimia kwa huruma, mkono ukienda wenyewe kwenye mapanja yao, kama mtu anayeshika pochi akiona mwizi. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, alifungua ile tovuti kwenye simu akaitazama, kama anayebonyeza jipu kuona bado linauma. Lilikuwa linauma. Siku aliyoona tangazo la mafunzo ya wanaoanza kabisa, alijiandikisha bila kumwambia mtu.

Alielewa upesi kuliko alivyotegemewa. Mwalimu wao walimbatiza jina la Mabano, kwa sababu wimbo wake ulikuwa huo: ulichofungua, kifunge, umefungua mabano, funga mabano, umefungua aya, funga aya. Wengine walisahau na kurasa zao zikamwagika upande mmoja. Mashoto hakusahau. Mtu aliyezoea kushika sehemu tatu za nywele kwa vidole vitano hawezi kuiacha moja ikining'inia. Mabano alipomuuliza kama aliwahi kusoma mambo haya, alijibu kwamba hapana, ila ana hasira, na hasira inakumbuka.

Zoezi lao kubwa lilikuwa kila mtu atengeneze ukurasa wake na kuuweka hewani. Mashoto aliandika namba yake ya simu, akaweka picha za vichwa vya kibarazani, na pale juu kabisa, kwa ukubwa wa skrini nzima, akamweka bibi harusi aliyemsuka mwezi ule: misuko myembamba imezunguka kichwa na kushuka shingoni, yote ikilalia kushoto. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Ili wasichanganyikiwe, Mabano aliwaagiza wote waipe picha hiyo jina moja: picha-ya-juu.

Haukupita muda, mteja mmoja akaja kibarazani na pongezi. "Kumbe umerudi kwa mama yako mdogo? Nimeona yule bibi harusi wako kwenye ukurasa wao."

Mashoto alifungua simu. Bibi harusi wake alikuwa juu kabisa ya tovuti ya saluni, kwa ukubwa wa skrini nzima. Kazi ya mikono ya Kidosho. Siku hiyo alimwomba mteja radhi, akamwambia arudi kesho. Alisema ana hasira na hataki kumsuka mtu akiwa hivyo. Akakaa kwenye kigoda chake mwenyewe mpaka kivuli cha kibaraza kikamfikia miguuni, akifikiria vibaya, kwa utaratibu, kama anayechana nywele zilizofungamana.

Sasa, Afande. Jumamosi iliyofuata Afande alitaka kuweka mbuzi wake hewani, beberu mweupe mwenye ndevu, aliyepigwa picha akiwa ametazama kamera kwa dharau. Kompyuta ni moja, wamekaa wawili, na Mashoto alikuwa amesahau kutoka kwenye sehemu yake ya kupakia picha. Afande akampa mbuzi jina kama alivyoagizwa, picha-ya-juu, akampakia kwa kidole chake kimoja. Mashine ikauliza kama kweli anataka kubadilisha picha iliyopo. Afande, mtu mwenye adabu, akakubali.

Mashoto alipofungua ukurasa wake akakuta beberu mahali pa bibi harusi. Darasa zima likaja kutazama. Mwenye duka la vifaa vya simu alisema mahari imepanda. Afande aliomba radhi mpaka akasimama wima kama yuko kazini. Mabano akawatuliza, akaeleza: ukipakia picha yenye jina lile lile, ya zamani inaondoka na mpya inakaa kwenye kiti chake. Basi, siku nyingine kila mtu ahakikishe yuko kwenye sehemu yake.

Mashoto hakuwa anasikiliza. Kwa mazoea tu alikuwa amefungua tovuti ya saluni kwenye simu yake. Juu kabisa, kwa ukubwa wa skrini nzima, beberu wa Afande alikuwa anamtazama kwa dharau. Kazi ya mikono ya Kidosho.

Alicheka. Hakuwa amecheka tangu alipokusanya vitana vyake, na kicheko kilimtoka vibaya, kwa kelele, mpaka machozi. Akampa Mabano simu. Mabano akageuza ukurasa ule, akaonyesha maandishi yaliyo chini yake, akapitisha kidole mpaka mstari mmoja, akapiga mluzi.

Yule jamaa aliyewatengenezea tovuti, alieleza, ni mvivu. Hakuibeba picha kwenda nayo kwao. Ameandika tu anwani yake ilipo, yaani hapa kwako. Kwa hiyo kila mtu anayefungua ukurasa wa saluni, picha inakuja kuchotwa kwako, muda huo huo.

"Kwa hiyo nikiweka kitu kingine hapa kwangu?"

"Kwao kinaonekana hicho hicho. Na ni mahali pako, dada. Weka unachotaka."

Wote walikuwa na ushauri. Mwenye duka alisema mbuzi aachwe hapo hapo. Afande alijitolea kupiga picha nyingine ya mbuzi, ya upande wa nyuma. Mashoto alimrudisha bibi harusi kwenye kiti chake upesi, kabla mtu wa saluni hajaona, akafunga mabano yote aliyoyafungua, akabana kitana mdomoni. Mbuzi anachekwa siku moja na kusahauliwa. Yeye hakutaka watu wa saluni wachekwe tu.

Siku aliyoihitaji aliletewa na mama yake mzazi. Mama alikuja na mwaliko: mama mdogo anamkabidhi Kidosho saluni, wamehamia chumba kikubwa, kuna vioo ukuta mzima, wateja wote wa zamani wataalikwa. Alimsihi aende. Alisema yule ni mdogo wake wa tumbo moja, alikosea, lakini amezeeka na kiburi chake na hawezi tena kukivua. Yeye Mashoto ni mdogo kwa umri, basi ashuke. Mashoto alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atakwenda, na mama akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kabla ya siku hiyo alikwenda kwa mwalimu wa chekechea. Alimkuta darasani baada ya watoto kuondoka, anapanga viti vidogo, kitambaa bado kichwani. Hawakuwa wameonana tangu siku ile. Mashoto alimweleza anachotaka bila kukizungusha: anataka picha ya mapanja yake, na anataka ruhusa ya kuionyesha. Kama hapana, hapana. Kichwa ni chake.

Mwalimu alikaa kwenye kiti kimoja cha watoto, magoti yakampanda kifuani.

"Nilijua mkono haukuwa wako," alisema. "Wewe ulinisuka nikalala. Yule aliniamsha. Mama yako mdogo aliniahidi kunihudumia bure mpaka ziote, nikanyamaza. Hazijaota."

"Sikuja kukulaumu."

"Nilaumu tu." Akafungua fundo la kitambaa. "Halafu piga. Na usinikate uso. Wakiona mapanja bila uso watasema ni ya mtu mwingine."

Saluni mpya ilinukia rangi, kama darasani. Viti vilipangwa safu safu, na ukutani, katikati ya vioo, runinga pana ilionyesha ukurasa wa saluni: bibi harusi wa Mashoto, mkubwa kuliko mtu. Mama mdogo alipomwona mlangoni alimkumbatia mbele ya watu, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alisema, "Mwanangu, hapa ni kwako." Mashoto alimwamkia shikamoo kama alivyofunzwa. Mama yake mzazi alikuwa anapangusa macho. Mwalimu wa chekechea alikuwa safu ya mbele, na kitambaa chake.

Mashoto alikaa nyuma. Kwenye ukurasa wake mwenyewe alikuwa ameshaweka nakala ya bibi harusi kwa jina jipya. Hotuba zilipoanza alitoa simu, akaichagua picha ya mwalimu, akaipa jina lile la zamani. Simu ikauliza kama kweli anataka kubadilisha picha iliyopo. Akakubali, na yeye pia mtu mwenye adabu.

Akainua macho. Bibi harusi alikuwa bado yupo.

Alisubiri. Mama mdogo alikuwa anasimulia vioo na viti vya plastiki, Kidosho amesimama pembeni yake, mabega wazi, anatabasamu. Bibi harusi hakutikisika. Halafu Mashoto akakumbuka kitu ambacho Mabano alikisema na hakuna aliyekiandika: ukurasa ukishafunguliwa, unashikilia ulichokuja nacho; hauendi kuchota tena mpaka ufunguliwe upya. Runinga ilikuwa imefunguliwa tangu asubuhi. Simu iliyouendesha ule ukurasa ilikuwa mkononi mwa mama mdogo.

Akanyoosha mkono, wa kushoto. Aliomba, kwa sauti ya upole ambayo mama yake aliisimulia baadaye kwa uchungu, kwamba wengine wamechelewa na hawakuona vizuri. Mama mdogo awafungulie ile kazi tena tangu mwanzo, wote waione.

Uso wa mama mdogo ukang'aa. Aliona anaombwa msamaha. "Mnamsikia mwanangu," aliwaambia watu. "Yeye mwenyewe anataka muione." Akaufunga ukurasa, akaufungua upya.

Mwalimu wa chekechea alitokea ukutani, mkubwa kuliko mtu. Mapanja yake yaling'aa matupu chini ya taa, yenye madoa, na macho yake yalitazama chumba chote bila kupepesa. Chini yake maneno yalikuwa yale yale. Kazi ya mikono ya Kidosho.

Mtu mmoja aliweka bilauri chini na mlio wake ukasikika hadi nyuma. Mama mdogo alifunga ukurasa, akafungua; picha ikarudi. Akafunga tena, akafungua tena, na kila alipofungua aliwaonyesha watu upya. Ndipo mwalimu akasimama pale mbele, akafungua fundo, akavua kitambaa.

"Ni mimi," alisema. "Na maneno yaliyoandikwa pale chini, kwa mara ya kwanza, ni ya kweli."

Walipofika kibarazani mama mzazi akauliza, "Sasa umeshiba?" Mashoto alifikiri kwa dhati, akajibu kwamba bado.

Saluni ilijaribu kuiondoa ile picha. Lakini jamaa aliyewatengenezea tovuti alikuwa amebadilisha namba ya simu, na neno la siri la kuingilia alikuwa nalo yeye peke yake. Siku zikapita, mwalimu wa chekechea akiwa juu pale, anatazama kila mteja aliyefungua. Kidosho alituma ujumbe, kwanza wa matusi, kisha wa kusihi. Mashoto alimjibu mara moja tu, kwamba picha itaondoka mama mdogo atakapolifuta lile neno la mkono mzito mahali penye watu, kama alivyolisema mahali penye watu.

Alikuja mwenyewe, asubuhi ya Jumamosi, kibaraza kimejaa wanawake wanaosubiri zamu. Siku hizi walikuwa wengi, na Mashoto alikuwa amehamia darasa la jioni tu. Mama mdogo alikuwa amefumua nywele zake. Zilikuwa zimepungua kuliko Mashoto alivyozikumbuka, na nyeupe mizizini. Hakusalimia mtu. Alivuta kigoda, akakaa katikati ya magoti ya Mashoto, akiutazama ule msururu wa wanawake, na kwa namna ile hakuna kati yao wawili aliyelazimika kuuona uso wa mwenzake.

"Mkono uliomnyofoa mwalimu ulikuwa wa mwanangu," alisema. "Nilijua siku ile ile. Nilimtupa huyu kwa sababu si wangu wa kuzaa. Nisuke, mwanangu."

Mashoto alichukua kitana. Alipasua mstari wa kwanza, akagawa sehemu tatu, akaanza kuulaza msuko kushoto, kuelekea mbele, mpaka kwenye panja. Hapo ngozi ilikuwa nyembamba, ikipigapiga taratibu. Kwa mkono ule ule akavuta. Akavuta mpaka unyusi ukapanda.

"Inauma?" aliuliza.

"Haiumi," alisema mama mdogo, na chozi likamdondokea gotini.

Mashoto aliushikilia msuko ule mpaka wanawake wote waliokaa mbele wamwone. Kisha akafumua, akaanza tena tangu mwanzo, na kwenye panja akalegeza, kama alivyofundishwa. Alipomaliza kichwa kizima, kabla mama mdogo hajasimama, alimpiga picha kwa nyuma. Jioni akaipakia: misuko myeupe na myeusi, yote imelalia kushoto. Akaipa jina la picha-ya-juu.